Robert Kronfeld: Rubani Aliyeisoma Hewa

Historia ya urukaji aghalabu huandikwa kwa majina ya watu wa injini. Hutajwa ndugu wawili wa Marekani walioinua chombo chao mwaka 1903, hutajwa waliovuka bahari na waliopigana vita vya angani, na nyuma ya sifa zao zote husikika ngurumo ya mtambo. Robert Kronfeld alijijengea jina kwa njia nyingine. Alisafiri angani kwa masafa ambayo hakuna aliyeyafikia kabla yake, ndani ya chombo kisichokuwa na injini wala tone la petroli. Nguvu aliyoitumia ilikuwa tayari hewani, ikimpitia kila mtu pasi na kuonwa. Maisha yake yalikuwa mafupi, miaka 43 tu, lakini yanaeleza kwa ufasaha jinsi elimu ya jambo lisiloonekana inavyoweza kumwinua mtu, na jinsi mtu huyo huyo anavyoweza kunyimwa mahali pa kutua.

Kronfeld alizaliwa tarehe 5 Mei 1904 mjini Vienna, akiwa wa asili ya Kiyahudi. Alipokuwa na umri wa miaka 10, Vita Vikuu vya Kwanza vililipuka. Alipofikisha miaka 14, dola kongwe iliyokuwa na makao yake katika mji huo ilikuwa imesambaratika. Ujana wake basi uliangukia katika Ulaya iliyoshindwa na kufilisika, na ni katika umaskini huo ndipo sanaa ya kuruka bila injini ilipopata rutuba.

Sababu yake ilikuwa ya kisiasa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyima Ujerumani jeshi la angani na kuubana mno uundaji wa ndege za injini. Vijana waliokuwa na hamu ya kuruka hawakuwa na budi kutafuta mlango mwingine. Mwaka 1920 walianza kukusanyika kila kiangazi juu ya mlima Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950 katika safu ya Rhön, wakishindana kwa glaida, yaani ndege zisizo na injini, walizozijenga wenyewe kwa mbao na kitambaa. Mwanzoni mashindano hayo yalikuwa ya kuteremka tu. Chombo kilirushwa kutoka kileleni kwa kamba ya mpira iliyovutwa na watu wanaokimbia, kikateleza hewani kwa muda mfupi, kisha kikatua bondeni na kukokotwa tena hadi juu.

Ili kuithamini kazi ya Kronfeld, ni lazima kwanza kuielewa hali ya chombo chenyewe. Glaida daima inashuka. Haina cha kuisukuma mbele isipokuwa uzito wake, na kila inaposonga hulipa kwa sehemu ya kimo chake. Kimo ni akiba, nayo mwendo ni matumizi. Chukua mfano wa glaida inayoweza kwenda kilomita 20 kwa kila kilomita moja inayoshuka. Ikiachiliwa katika hewa tulivu ikiwa na kimo cha mita 1000, itatua kilomita 20 mbele, na rubani hana hila yoyote ya kuongeza hata kilomita moja. Akiba ikiisha, safari imekwisha. Njia pekee ya kuendelea ni kupata hewa ambayo yenyewe inapanda, na inayopanda kwa kasi kuliko glaida inavyoshuka. Hapo chombo hushuka ndani ya hewa, lakini hewa nayo hukibeba juu, kama mtu anayeshuka ngazi taratibu ndani ya lifti inayopanda.

Hewa ya kwanza ya namna hiyo iliyofahamika ilikuwa ile ya mlimani. Upepo unapogonga ubavu wa kilima hukosa pa kupita, hivyo hulazimika kupanda. Rubani anayekwenda na kurudi juu ya ukingo wa kilima huweza kukaa hewani maadamu upepo unavuma. Mwezi Agosti 1922, glaida iliyoundwa na wanafunzi wa Hannover ilikaa hewani juu ya Wasserkuppe kwa zaidi ya saa tatu, na dunia ikashangaa. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na mpaka wake. Rubani alikuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba: alikula majani yote yaliyomzunguka, lakini hakuweza kwenda popote. Akiuacha ukingo wa kilima alikuwa akiiacha riziki yake.

Hapo ndipo Kronfeld alipoingia. Kufikia mwaka 1928 alikuwa miongoni mwa marubani wa Wasserkuppe, mahali ambapo mafundi na wanasayansi walifanya kazi bega kwa bega. Profesa Walter Georgii, mtaalamu wa hali ya hewa, alikuwa akichunguza mienendo ya anga, ilhali Alexander Lippisch alikuwa akibuni glaida. Katika mwaka huo utafiti ulithibitisha jambo ambalo awali lilikuwa dhana: chini ya yale mawingu meupe yanayofumuka kama pamba siku ya jua, kuna hewa inayopanda kwa nguvu ya kutosha kubeba glaida, hata pasipokuwa na kilima karibu.

Asili ya hewa hiyo ni jua na ardhi. Mionzi ya jua hupita hewani bila kuipasha joto sana, lakini huichoma ardhi. Ardhi nayo haipati moto kwa usawa. Shamba kavu lililolimwa, paa za mji na mteremko unaolikabili jua hupata moto upesi, ilhali msitu, kinamasi na ziwa hukawia. Hewa iliyolala juu ya sehemu yenye moto hupanuka, ikawa nyepesi kuliko jirani zake, kisha hujibandua na kupanda kwa umbo la safu. Kadiri inavyopanda hupoa, takriban digrii moja kwa kila mita 100 ikiwa kavu, hadi unyevu uliomo hugeuka matone madogo na wingu huzaliwa. Kwa hiyo wingu la pamba ni kilele cha nguzo isiyoonekana. Anayelitazama kwa jicho la kawaida huona pambo la anga; Kronfeld alijifunza kuliona kama ishara ya njia.

Palibaki tatizo moja kubwa. Mwili wa binadamu huhisi mshtuko wa kuanza kupanda au kuanza kushuka, lakini hauhisi mwendo ulio sawa. Rubani aliye mita 600 juu ya ardhi, mbali na kilima cha kulinganishia macho, hawezi kujua kwa hisia kama anapanda polepole au anazama. Kwa ushauri wa Lippisch, Kronfeld alichukua kifaa kilichotumiwa na warushaji wa maputo, yaani variometa, akakitia ndani ya glaida yake. Kanuni yake ni nyepesi. Chupa iliyokingwa dhidi ya joto, mfano wa ile ya kuhifadhia chai, huunganishwa na hewa ya nje kwa tundu dogo. Chombo kinapopanda, kanieneo ya nje hupungua na hewa hutoka chupani. Kinaposhuka, hewa huingia. Mshale unaopima mtiririko huo humwambia rubani habari ambayo mwili wake hauwezi kumpa.

Katika mashindano ya Rhön ya kiangazi cha mwaka 1928, akiruka kwa glaida iliyobuniwa na Lippisch, Kronfeld aliondoka Wasserkuppe, akapata kimo chini ya wingu, akavuka bonde hadi mlima wa Himmeldunkberg, kisha akarudi alikotoka. Umbali wenyewe haukuwa mkubwa. Uzito wa tukio ulikuwa katika namna lilivyotendeka. Kwa mara ya kwanza rubani alikuwa ameuacha ukingo wa kilima kwa hiari yake, akaenda alikokusudia, na akarejea, akiongozwa na wingu kwa macho na kifaa mbele yake. Kamba ya mbuzi ilikuwa imekatika.

Mwaka uliofuata ulikuwa wake. Alijengewa glaida mpya, kazi ya Lippisch pia, aliyoipa jina la mji wake wa kuzaliwa, Wien. Mabawa yake yalikuwa na upana wa zaidi ya mita 19, marefu na membamba, kwa kuwa bawa la namna hiyo hupoteza nguvu kidogo zaidi linapokata hewa. Tarehe 15 Mei 1929 aliruka kando ya vilima vya msitu wa Teutoburg. Juu ya vilima alitumia upepo uliopanda ubavuni, na palipokuwa na mapengo alitumia mawingu kujipatia kimo cha kuvukia. Alitua baada ya kilomita 102. Hakuna aliyewahi kuvuka kilomita 100 bila injini kabla ya siku hiyo.

Mwezi Julai mwaka huo huo alithubutu zaidi. Akitokea Wasserkuppe alijitia mbele ya dhoruba. Hewa baridi ya dhoruba husonga chini kama kabari na kuiinua hewa yenye joto iliyo mbele yake, hivyo mbele ya mvua na radi huwa na ukuta mrefu wa hewa inayopaa. Rubani huweza kusafiri pamoja na ukuta huo mithili ya mchezaji wa mawimbi ufuoni, ila kwa sharti kwamba asibaki nyuma akamezwa. Kwa njia hiyo alisafiri zaidi ya kilomita 140. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amefika karibu kilomita 150 na kupanda zaidi ya mita 2500, rekodi za dunia kwa wakati wake.

Nahodha wa jahazi katika pwani ya Waswahili angeitambua upesi busara ya safari hizi. Naye hakuwa na injini. Alingoja kaskazi imlete na kusi imrejeshe, akasoma rangi ya maji na umbo la mawingu. Tofauti ni kwamba upepo wa nahodha hudumu kwa miezi, ilhali safu ya hewa inayopaa huishi kwa dakika chache tu. Huzaliwa, hukomaa, hutoa wingu lake, kisha hufa. Pengine hapa ndipo penye ugumu mkubwa wa sanaa hii. Ikiwa glaida inashuka mita 0.8 kwa sekunde na hewa inapanda mita 3, faida ni mita 2.2 kwa sekunde, na mita 1000 hupatikana kwa muda usiozidi dakika nane. Rubani hukata duara ndani ya safu hiyo nyembamba asije akatoka nje, ambako aghalabu hewa inashuka. Lakini akiendelea kuzunguka hapo hapo hafiki kokote. Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Rubani wa masafa hulazimika kulivunja katazo hilo mara nyingi kwa siku moja. Huiacha hewa nzuri aliyonayo, akatumia kimo chake kuelekea wingu la mbali ambalo huenda likawa limekufa kabla hajalifikia. Akiondoka mapema mno hana akiba. Akichelewa, jua linamwacha.

Umahiri wa Kronfeld ulimpa jina nje ya Ujerumani. Mwaka 1930 alialikwa Uingereza, ambako alionyesha urukaji wake katika vilima vya Sussex. Alipaa kutoka Itford akafuata safu ya vilima hadi karibu na Portsmouth, umbali wa takriban kilomita 80, na safari hiyo ilichochea vyama vya glaida katika nchi ambayo mchezo huo ulikuwa bado mchanga. Mwaka 1931 ilipotolewa nishani mpya ya kimataifa, iliyodai safari ya kilomita 50, kupanda mita 1000 na kukaa hewani saa tano, yeye na Wolf Hirth walikuwa wawili wa kwanza kuipata. Hirth mwenyewe alikuwa ameonyesha mwaka 1930 huko Elmira, Marekani, kwamba safu za hewa moto zaweza kutumiwa hata katika anga la buluu lisilo na wingu. Tarehe 20 Juni 1931 Kronfeld alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwenda na kurudi siku moja, baada ya glaida yake kuvutwa juu kwa ndege kila upande, akatwaa zawadi ya pauni 1000 iliyotolewa na gazeti la Daily Mail.

Hata hivyo, hewa hiyo hiyo inayonyanyua ina uwezo wa kuvunja. Kronfeld alikuwa na glaida kubwa iitwayo Austria, yenye mabawa ya upana wa mita 30. Mwaka 1932, ndani ya wingu lenye msukosuko, chombo hicho kilivunjika vipande. Ndani ya wingu rubani haoni upeo wa macho, na glaida ndefu hupata kasi kupita kiasi pasi na yeye kutambua. Kronfeld aliruka nje na kuokolewa na parachuti. Nguvu aliyoitafuta maisha yake yote ilikuwa imemwonyesha upande wake wa pili.

Pigo kubwa zaidi lilitoka ardhini. Mwaka 1933 Wanazi walitwaa madaraka Ujerumani. Vyama vya glaida viliunganishwa chini ya serikali, na Wayahudi wakafukuzwa humo. Milima ambayo juu yake Kronfeld alikuwa ameivunjia dunia rekodi sasa ilikuwa haramu kwake. Rekodi hazikufutika, kwani kilomita zilikuwa zimekwisha kupimwa, lakini aliyezipima hakutakiwa. Alikuwa na umri wa miaka 29, na akalazimika kufanya ardhini kile alichokifanya angani mara nyingi: kuacha mahali palipomwinua na kuelekea pengine bila hakika ya kitakachomngoja. Tofauti ni kwamba angani alichagua saa ya kuondoka.

Alihamia Uingereza. Huko alishika usimamizi wa kampuni ndogo iliyokuwa ikiunda ndege nyepesi aina ya Drone, chombo cha injini ndogo kilichotokana na glaida, na baadaye kampuni hiyo ikaitwa kwa jina lake. Haikuwa kazi ya sifa kubwa kama ya mwaka 1929, lakini ilimweka karibu na hewa. Mwaka 1939 alipata uraia wa Uingereza.

Vita Vikuu vya Pili viliipa elimu yake matumizi ambayo hakuna aliyeyawazia Wasserkuppe. Mwezi Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yalitumia glaida kuteremsha askari juu ya ngome ya Eben-Emael nchini Ubelgiji, na ngome iliyodhaniwa haishindiki ikaanguka. Uingereza nayo ikaanza kuunda glaida za kubeba wanajeshi, na ilihitaji watu walioelewa vyombo hivyo kwa undani. Kronfeld alijiunga na jeshi la anga la Uingereza na kutumika katika majaribio ya glaida za kivita. Mchezo uliozaliwa kutokana na kushindwa kwa Ujerumani ulikuwa umegeuzwa silaha, na bingwa wake aliyefukuzwa akawa upande wa pili wa vita.

Baada ya vita aliendelea na kazi ya majaribio katika kampuni ya General Aircraft. Kampuni hiyo ilikuwa ikichunguza glaida zisizo na mkia, ambazo mabawa yake yalielekezwa nyuma. Umbo hilo lilikuwa na matumaini na hatari pia, kwa maana chombo kisicho na mkia kikipoteza kasi huwa vigumu kukirejesha katika hali ya kawaida. Tarehe 12 Februari 1948, katika anga la Hampshire, Kronfeld alikuwa akijaribu mojawapo ya vyombo hivyo kwa kasi ndogo. Chombo kilimponyoka na kuanza kuanguka kwa kuzunguka. Mwenzake aliyekuwa naye aliruka kwa parachuti akaokoka. Kronfeld hakuwahi kutoka.

Mwaka 1949 Mmarekani Paul MacCready alitoa jibu la kihesabu kwa swali lililomkabili Kronfeld kila alipoliacha wingu: rubani aende kwa kasi gani kati ya hewa moja inayopanda na nyingine. Jibu lilikuwa kwamba kasi hiyo hutegemea nguvu ya hewa anayoitarajia mbele. Anayetarajia hewa kali aende mbio ingawa atapoteza kimo zaidi. Anayetarajia hewa dhaifu atunze akiba. Masafa nayo yaliendelea kuongezeka. Mwaka 1964 Al Parker alivuka kilomita 1000 akitokea Texas, na mwaka 2003 Klaus Ohlmann alivuka kilomita 3000 akitumia mawimbi ya hewa juu ya milima ya Andes.

Elimu hiyo ilifika pia Afrika Mashariki. Mtaalamu wa ndege wa porini Colin Pennycuick alitumia glaida yenye injini ndogo kuwafuata tumbusi na korongo hewani, na mwaka 1972 akachapisha matokeo yake kuhusu namna ndege wa ukanda huu wanavyosafiri kwa hewa inayopaa. Ilibainika kwamba tumbusi anayetoka kiotani kutafuta mzoga hukata duara, hupata kimo, huliacha wingu na kuelekea jingine, bila kupiga mabawa kwa masafa marefu. Alichokitambua Kronfeld kwa wingu na chupa iliyokingwa joto, tumbusi wa Serengeti alikuwa akikijua tangu zamani.

Leo variometa imo katika kila glaida ya safari. Nyingine hutoa mlio, ili rubani asilazimike kuutazama mshale: mlio hupanda hewa inapopanda, na kufifia inaposhuka. Kila anayeusikiliza na kuamua kwamba sasa ndio wakati wa kuondoka anafanya uamuzi uleule ambao Robert Kronfeld aliufanya mwaka 1928, chini ya wingu moja katika anga la nchi ambayo baadaye ilimkana.